Mtungi wa Saa Moja

Sokoni La Paz, mjini Iloilo, siku huanza kwa harufu ya supu. Mama Sabel huchemsha mifupa kibandani kwake tangu alfajiri. Binti yake Jovelyn hukata vitunguu na kupanga bakuli.

Juu ya kaunta, kando ya chupa ya pilipili, palikuwa na vitabu vyembamba vilivyotolewa fotokopi na kubanwa pini. Ilikuwa riwaya ya Jovelyn na kaka yake Arnel. Waliiandika wenyewe, wakaitoa wenyewe, wakaiuza wenyewe.

Riwaya ilisimulia miaka ijayo, bahari ikiwa imeumeza mji wao wa Iloilo, na watu wanaishi chini ya maji. Huko hewa hutoka kwenye mtungi. Mtungi ukiisha, umeisha. Mwisho wa kitabu cha kwanza, fundi Tomas alibaki nyuma ili afunge lango la mji. Mtungi wake ulikuwa na hewa ya saa moja tu.

Vitabu vilikusudiwa kuwa vitatu. Lakini Arnel alifariki mwezi wa Februari, kwa ugonjwa wa mapafu. Jovelyn akaandika cha pili peke yake. Katika ukurasa wa kumi, Tomas alirudi mzima baada ya siku tatu, akaomba supu.

Wateja hawakunyamaza.

"Jovelyn," alisema Berting muuza nyama, "huyu Tomas siku tatu alikuwa anavuta nini? Kageuka kambale?"

"Alipata hewa mahali."

"Mahali gani? Nami nikapange chumba huko."

Watu wakacheka. Toka siku hiyo kitabu cha pili kilikaa tu kaunta, kikipata madoa ya supu.

Kisha ukaja ujumbe kwenye simu. Mtu mmoja wa Manila, mwenye tovuti ya hadithi, aliutaka mfululizo wote. Alikuwa na masharti. Mji uwe wa Marekani. Majina yawe ya kigeni. Tomas asife kamwe, maana wasomaji wanampenda. Na haki za vitabu vyote vitatu ziwe zake.

"Nitakubali," Jovelyn alimwambia mama yake. "Angalau Tomas ataishi."

Pale kaunta alikuwa ameketi jirani yao Purita, ambaye kwa heshima ya umri wake wote walimwita Nang, yaani dada mkubwa. Aliandika michezo ya redio miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu. Aliweka kijiko chini.

"Kitabu cha tatu kinaishaje?" aliuliza.

"Sijui, Nang. Arnel ndiye aliyejua. Tulikuwa tunaongea tu, hatukuandika."

"Mmejenga nyumba, ramani mkaiacha kichwani mwa mtu mmoja. Njoo kwangu jioni."

Jioni Nang Purita alifungua boksi la viatu lililojaa kadi. Kila mhusika alikuwa na kadi yake: umri, ndugu, kovu, siku aliyokufa.

"Mchezo mmoja ulienda miaka sita," alisema. "Mimi sikumbuki hata nilichokula juzi. Kadi ndizo zilizokumbuka."

"Hamkukosea hata mara moja?"

"Tulikosea. Tulimuua mzee mmoja, mtu mwema. Wasikilizaji wakamsalia siku tisa, kama tunavyowasalia wafu wetu. Wakapika na keki za mchele. Mwezi uliofuata mkubwa wetu akasema mzee ana wapenzi wengi, mfufue. Nikamfufua. Wanawake wakaja kituoni. Hawakupiga kelele. Mmoja aliniambia, 'Tulilia kwa machozi ya kweli. Wewe ulikuwa unatuchezea.'"

Jovelyn alikunja uso. "Kwa hiyo unataka nimzike kaka yangu mara ya pili."

"Mimi sitaki kitu, mwanangu. Nauliza tu. Mtungi ulikuwa wa saa ngapi?"

"Moja."

"Nani aliandika hivyo?"

Jovelyn aliinamia boksi la kadi. "Arnel."

Asubuhi alinunua daftari. Ukurasa wa kwanza aliandika kanuni za mji chini ya maji. Ukurasa wa pili aliandika miaka na matukio kwa mpangilio. Kisha akampa kila mhusika ukurasa wake. Kwa Tomas aliandika: fundi, anatumia mkono wa kushoto, anapenda supu, alifia langoni. Kalamu ilisimama hapo kidogo, halafu ikaendelea.

Kabla ya kugusa kitabu cha pili, aliandika mwisho wa kitabu cha tatu, ili ajue anakokwenda. Nang Purita alimpa sharti moja.

"Usitoe cha pili mpaka umalize kuandika cha tatu. Ukigundua kosa mbele, uweze kurudi nyuma kulirekebisha. Redioni hatukuwa na nafasi hiyo. Wewe unayo."

Jovelyn alimjibu yule mtu wa Manila hivi: "Mji ni Iloilo. Majina ni yetu. Tomas amekufa. Haki zinabaki kwangu na kwa kaka yangu."

Mtu yule akajibu: "Hakuna atakayesoma."

"Tutaona," aliandika Jovelyn, akarudi kwenye vitunguu.

Ilichukua miezi kumi na moja kumaliza vyote viwili. Kitabu cha pili kipya kilipotoka pamoja na cha tatu, aliyerudisha cha pili cha zamani alipewa kipya bure. Ndani ya hicho cha pili, watu wa mji walimkuta Tomas ameegemea lango alilolifunga. Mtungi wake mtupu waliutundika shuleni ukawa kengele.

Berting alisoma amesimama, kisu cha nyama mkononi. Wateja wake walingoja. Alipomaliza alikuja kaunta.

"Sasa amekufa kweli?"

"Kweli, Nong," alisema Jovelyn, kama mtu amwitavyo kaka mkubwa.

"Harudi hata cha tatu?"

"Harudi."

Berting alitikisa kichwa taratibu. "Basi nipe na hicho cha tatu. Nataka kujua kama lango lilishika."

Mama Sabel alikuwa amesomewa kitabu chote na binti yake, jikoni, sura kwa sura. Kesho yake aliwasha mshumaa mbele ya picha ya Arnel, akaweka bakuli la supu kama ilivyo desturi. Kisha akachota bakuli la pili, akaliweka kando yake.

"La nani hilo, Mama?"

"La fundi," alisema Mama Sabel. "Leo ni siku ya kwanza. Waambie watu wa sokoni, tutasali mpaka ya tisa."