Salamu za Ngazini

Majirani walimwita dobi yule Chuma. Hakuwahi kulazwa hata siku moja. Alifua, akapiga pasi, kisha akabeba mabunda ya nguo hadi ghorofa ya nne, na soga akazipiga vilevile.

Lakini siku hizi alianza kusimama ghorofa ya pili, mlangoni kwa fundi cherehani. Anatua bunda, anauliza habari za watoto, za mama, hata za kuku. Watu wakamtania kwamba uzee umemletea umbeya. Mkewe naye alicheka, mpaka siku alipopanda nyuma yake akamwona anajikandamiza kifua huku akitabasamu.

"Kiungulia tu," mumewe akasema. "Nikipumzika kinaondoka."

Mkewe alikosa raha. Baba mkwe wake alianguka ghafla akafa, naye hakuwa mgonjwa. Watu wakasema siku yake imefika. Basi akampigia simu wifi yake, ambaye ni muuguzi. Wifi akaja jioni hiyo, akamhoji kaka yake maumivu huja lini na huondoka lini.

"Kaka, hicho si kiungulia," akasema. "Maumivu yanayokuja ukipanda na kuondoka ukitulia huenda ni ya moyo. Mishipa inayoulisha damu ikiziba kidogo kidogo, ukikaa damu inatosha. Ukibeba mzigo haitoshi."

"Mimi? Mafua yenyewe sina."

"Na baba alikuwa na mafua?"

Chuma akakubali kwenda kupimwa.

Kesho yake wakaenda hospitali. Presha ilikuwa juu. Akalazwa kitandani, akabandikwa nyaya kifuani, na kipimo cha moyo kikaonyesha hakuna tatizo. Chuma akachekelea, akaanza kuvaa viatu. Mkewe akashika kiatu kimoja, akakataa kukiachia.

"Daktari, mmempima amelala," akasema. "Yeye anaumia akipanda ngazi."

Daktari akakubaliana naye. Akaagiza Chuma apimwe akitembea juu ya mashine, na mwendo ulipozidi, ugonjwa ukajitokeza.

Akapewa dawa za kila siku. Akaambiwa asiziache hata akijiona mzima, aache sigara, apunguze chumvi, na abebe mzigo mdogo. Maumivu yakimjia amekaa, au yakikataa kuondoka, akimbizwe hospitali mara moja. Daktari akataka ndugu zake pia wapimwe. Wifi akapimwa presha, ikakutwa juu. Mganga hajigangi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Chuma alipanda na bunda dogo, akampita fundi cherehani bila kusimama.

"Chuma, umeninunia?" fundi akauliza.

"Nikishuka nitapita."

Mkewe, aliyekuwa chini ya ngazi, alishindwa kuzuia machozi. Mumewe alishuka kweli, akaketi kwa fundi, akauliza habari za watoto, za mama na za kuku. Safari hii alisubiri majibu.