Nani Yumo Ndani?

Mlango wa stoo ya mikeka uligongwa kwa ndani, mchana kweupe, watoto wa chekechea wote wamelala. Mwalimu akafungua. Mikeka tu, na harufu ya nywele zilizoungua. Panya hao, akajisemea. Panya gani anabisha hodi kwa adabu, anajua mwenyewe.

Asubuhi ile alikuwa amewafundisha wimbo wa bibi yake. Zamani bibi aliimba, "Hodi hodi, nani yumo?" na watoto wakaitikia, "Hayumo mtu, yumo paka tu." Mwalimu, na kozi yake ya juzijuzi, akaona huko ni kuwazoesha watoto uongo. Wimbo wa kisasa humfanya mtoto ajiamini, akasema, basi kila mmoja ajitaje jina. Binti yake wa pekee, Kidoti, ndiye aliyewashinda wote kwa sauti: yumo Kidoti! Mama mtu akapiga makofi. Maskini, alifurahi kweli.

Tangu hapo hodi ikawafuata nyumbani. Ilianzia kabatini, ikahamia chini ya kitanda cha Kidoti, na mtoto, macho kayafumba, akawa anaitikia jina lake.

Mwalimu akakimbilia kwa bibi. Kikongwe akashika kichwa. Akamweleza kwamba yule paka hakuwa utani, wazee walimtia wimboni ili anayebisha asijue kuwa ndani mna mtoto.

"Sasa nifanyeje, bibi?"

"Mfundishe jibu la zamani, mjukuu wangu. Lakini huyo anayebisha ameshatajiwa jina."

Mganga naye akaja, akafukiza, akasoma, akatoka jasho likimchuruzika, hata maji ya kunywa hakutaka. Mama akabaki kumkaririsha mwanawe, sema paka, mama, sema paka, asubuhi akimchana nywele, jioni akimwogesha, huku harufu ile ikikolea kwenye shuka, na sauti nzito ya mtu mzima ikiuliza kutoka kila penye mlango, nani yumo, nani yumo, mpaka akawa hajui kama anamfundisha mwanawe au anamsihi yule anayebisha.

Kisha siku moja kimya. Hata harufu haikuwepo. Mama akashusha pumzi, akamwacha Kidoti kitandani, akatoka uani kuanua nguo. Nyuma yake mlango ukajifunga. Akagonga.

"Hodi, Kidoti. Nifungulie, mwanangu."

Sauti ile ile nzito ikamjibu kutoka ndani, taratibu.

"Hayumo mtu. Yumo paka tu."