Garifalia Alivyolisafisha Tangi

Garifalia alikuwa mtengeneza jibini katika kijiji kimoja cha milima ya Epiro. Kila asubuhi alipasha moto maziwa ya kondoo, akayagandisha, akakamua jibini. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka arobaini, na mwanawe Fotis alimsaidia.

Lakini jibini huacha maji mengi. Katika lita mia za maziwa, karibu lita themanini hubaki maji ya kijanikijani. Zamani walikuwa wakiyamwaga kijitoni, nyuma ya nyumba. Kijito kikaanza kunuka na samaki wakafa. Ndipo alipokuja ofisa wa maji.

"Mama, mkiendelea kumwaga maji haya, nitakifunga kiwanda chenu," alisema. "Nitarudi siku ya Mtakatifu Konstantino."

Siku hiyo huwa tarehe ishirini na moja Mei. Fotis hakupoteza muda, akajenga tangi lililofungwa vizuri.

"Humu watakaa bakteria," alimwambia mama yake. "Ni viumbe wadogo sana, huwezi kuwaona kwa macho. Watakula maji ya jibini na samadi ya kondoo, halafu watatoa gesi ya kupikia."

"Mimi nilidhani nimezaa mtu mwenye akili," alisema Garifalia.

Hata hivyo, kabla majira ya baridi hayajaisha, gesi iliwaka. Garifalia si mtu wa kusifia ovyo, lakini siku ile alikaa mbele ya moto ule wa buluu mpaka maziwa yakakaribia kufurika.

Kisha ikafika wiki ya kabla ya Pasaka. Kwa wanawake wa kule, wiki hiyo ni ya kupambana na uchafu. Mazulia hutolewa nje, kuta hupakwa chokaa, kila kitu husuguliwa. Garifalia alikiosha kiwanda kizima kwa klorini. Alipomaliza, akanusa harufu ya tangi, akaona aibu. Wageni waje kula nyama ya mwanakondoo hapa, na tangi linanuka hivi? Akafungua mdomo wa kulishia, akamimina chupa nne nzima za klorini. Roho yake ikatulia.

Ijumaa Kuu moto ulikuwa hafifu. Jumamosi ukazimika kabisa.

"Umewafanya nini hao wadudu wako?" Garifalia alimuuliza mwanawe.

"Nimewalisha kama kawaida, mama."

"Basi umewalisha vibaya. Hata yule mbwa wako alikondeana."

Fotis alikuwa akihesabu siku zilizobaki kabla ya ofisa kurudi. Zilikuwa thelathini na sita tu.

Siku ya Pasaka alikuja Areti, binti wa jirani, na bakuli la mayai yaliyotiwa rangi nyekundu ya sikukuu. Areti alifanya kazi mjini, katika kituo cha kusafisha maji machafu. Fotis alipomweleza shida yao, aliacha mayai mezani akaenda kuliangalia tangi. Alichota kidogo, akanusa.

"Shangazi Garifalia," aliita, "mbona hapa kunanuka klorini?"

Uso wa Garifalia ukawaka moto. Kwa siku mbili alikuwa amemsema mwanawe bila kosa. Angeweza kunyamaza, lakini kiwanda kingefungwa.

"Ni mimi," alisema. "Nililisafisha."

Fotis alimkodolea macho. "Ulisafisha tangi la samadi?"

"Ilikuwa Pasaka."

Areti alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machozi, akasema, "Shangazi, klorini inaua bakteria. Kwenye vyombo vya maziwa tunataka wafe. Humu tunataka waishi. Wachukulie kama mifugo. Kondoo wako ungewanywesha klorini?"

"Nani anaweza kufanya hivyo?"

"Basi hawa nao ni kundi lako. Hawataki hewa, ndiyo maana tangi linafungwa. Hawataki baridi. Na maji ya jibini yanachacha. Ukiwapa mengi kwa mpigo, ukali wake unawaua. Wape kidogo kidogo, uchanganye na samadi."

"Wamekufa wote?"

"Wengi wamekufa. Tutaleta wengine."

Jumanne walitoa tangini uji wa samadi ulioharibika, wakauweka kwenye shimo lililotandikwa plastiki, mbali na kijito. Areti akawapatia mapipa mawili ya uji kutoka tangi la gesi la mfugaji mmoja wa ng'ombe. Uji huo ulijaa bakteria hai. Maji ya kuoshea yenye klorini yakatengewa bomba na pipa lake. Maji ya jibini yaliyozidi walimpa jirani mwenye nguruwe.

"Na wewe Fotis, sigara zako peleka mbali," Areti alionya. "Gesi ikivuja karibu na moto, inalipuka."

Sasa Garifalia alilisha tangi mwenyewe. Alianza na ndoo moja kwa siku, na kila asubuhi alipima ukali kwa karatasi ya kupimia aliyopewa na Areti. Wiki ya kwanza hakukuwa na kitu. Wiki ya pili gesi ilitoka, lakini haikushika moto. Garifalia hakulala vizuri.

"Vumilia," Areti alimwambia kwenye simu. "Gesi ya mwanzo huwa hivyo. Usiwaongezee chakula kwa haraka."

Siku ya ishirini na nne, Fotis aliwasha kiberiti, na moto wa buluu ukazunguka chini ya sufuria. Garifalia akamshika mwanawe bega. "Nilikuonea," alisema. "Nisamehe."

Siku ya Mtakatifu Konstantino ofisa alifika. Alikwenda kijitoni akachota maji, akayapima. Hayakunuka. Akauliza nani anasimamia tangi, na Fotis akamwonyesha mama yake. Garifalia akamweleza habari ya chakula, joto, ukali na klorini, mpaka mkono wa ofisa ukachoka kuandika.

"Lakini mama," ofisa alisema akicheka, "nani mjinga wa kumwaga klorini humu?"

"Mimi," alisema Garifalia. "Andika hilo pia, wenzangu wasirudie."

Ofisa akaacha kucheka. Akaandika hivyo hivyo, na chini yake akaandika: kiwanda kiendelee na kazi.