Sketi za Majaribio

Kila asubuhi, kabla ya jua kuchomoza pale Mvara, mtaa wa mji wa Arua, Kiden alikuwa ameshachota maji, ameshafagia uwanja na ameshapiga pasi blauzi yake nyeupe. Blauzi ilikuwa hiyo hiyo moja. Aliishona mwenyewe alipokuwa akimaliza mafunzo ya ushonaji huko kwao Koboko, na kola yake ilikaa vizuri hata watu wakadhani imenunuliwa dukani. Shangazi yake, Emilia, aliyeuza unga wa muhogo katika soko la Arua, alimtazama na kucheka.

"Leo tena unakwenda kutembeza hiyo kola?"

"Nakwenda, shangazi. Kazi haitakuja kupiga hodi hapa."

"Kweli. Lakini baba yako iko anapiga simu kila siku. Anasema shule zikifunguliwa na wewe bado hujapata kitu, urudi Koboko ulime."

Kiden alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakulidharau jembe, kwa maana jembe ndilo lililomsomesha. Lakini alikuwa na ufundi mikononi, na alitaka mikono hiyo iufanyie kazi. Zilibaki wiki tatu shule zifunguliwe.

Basi akazunguka mji. Hoteli moja karibu na kituo cha mabasi ilitaka mtu wa kushona mapazia, mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Huo uzoefu angeuokota wapi ikiwa kila mlango unamtaka aje nao? Katika duka la vitambaa aliulizwa ni mtoto wa nani. Hakuulizwa anajua nini. Mzee mmoja mwenye karakana alidai barua ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa. Akaileta. Akaambiwa mhuri hauonekani vizuri. Akaleta nyingine, akaambiwa nafasi imeshajazwa. Wapo waliomwona akipitapita juani, wakamwita mzururaji. Waliosema hivyo walikuwa wamekaa kivulini tangu asubuhi.

Siku ya tano akafika kwa Fundi Severino, nyuma ya soko. Severino alikuwa mtu wa maneno matamu, na futi yake ya kupimia ilining'inia shingoni mchana kutwa. Karakana yake ilikuwa na vyerehani vinne, na fundi alikuwa yeye peke yake.

"Hapa mimi siangalii karatasi," alisema. "Naangalia mkono. Kaa pale, ushone jaribio. Sketi kumi na mbili za shule. Mkono ukiwa mzuri, kazi iko."

Kiden nusura amshukuru kwa kupiga magoti. Alishona siku tatu, akila muhogo wa kuchemsha aliobeba kutoka nyumbani. Alishona mshono mdogo mdogo, na mwisho wa kila mshono akarudisha cherehani nyuma ili uzi ufunge usifumuke. Severino akapapasa mapindo, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nitakupigia simu."

Wiki nzima Kiden aliibeba simu mkononi kama yai. Hata chooni alikwenda nayo. Haikulia. Mwishowe akarudi mwenyewe.

Sketi zake zilikuwa zimetundikwa mlangoni, kila moja na beji ya shule ya pale Mvara, na akina mama walikuwa wakizichagua. Aliyekaa kwenye cherehani alichokuwa akitumia Kiden alikuwa msichana mwingine, mwembamba, jina lake Juliet, kutoka Ombaci.

"Umepata kazi hapa?" Kiden alimwuliza.

"Bado. Mimi iko kwa jaribio," Juliet alijibu huku akitabasamu. "Sketi kumi na mbili."

Kiden alihisi damu ikimpanda kichwani. Akamwendea Severino moja kwa moja.

"Fundi, na mimi?"

"Wewe ulishindwa jaribio, binti yangu. Mkono wako bado."

"Kama nilishindwa, mbona unauza sketi zangu?"

Wanawake wawili wakageuka kutazama. Severino akacheka, akamshika Kiden bega kama mzazi. "Huyu mtoto ana mdomo! Usikasirike. Nakupa jaribio la mwisho, sketi kumi na mbili nyingine. Safari hii ukipita, cherehani hiki ni chako."

Hapo ndipo Kiden angetoka na kwenda zake, au angesimama katikati ya karakana akapiga kelele mpaka soko lote lisikie. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Mtu mzima mwenye duka lake alikuwa akila jasho la wasichana wasio na kitu, kisha akiwapigapiga mabegani! Lakini Kiden alivuta kiti. Alikaa kwenye cherehani kingine, na moyoni akasema, sawa, utaona.

Mafundi wana mshono wanaouita bandi. Ni mshono mrefu, legevu, wa kushikilia kitambaa kwa muda kabla ya kushona kwenyewe, na ukiuvuta kidogo unatoka. Kiden alikiweka cherehani kwenye mshono mrefu kuliko yote, akashona sketi kumi na mbili kwa bandi tupu, wala hakufunga uzi mahali popote. Alipozipiga pasi ziling'aa. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na wanunuzi walikuwa wakisukumana mlangoni, kwa hiyo Severino hakupata hata muda wa kugeuza sketi moja nje ndani.

"Nitakupigia simu," alisema.

"Sawa, Fundi," Kiden alijibu, na njia yote hadi Mvara alikuwa akicheka peke yake.

Shule zikafunguliwa. Shangazi Emilia alimbembeleza kaka yake kwa simu, akapata wiki moja zaidi. Siku ya tatu ya muhula, saa nne asubuhi, Kiden alikuwa akianika nguo alipomwona Jovia, binti wa jirani, akirudi nyumbani huku akilia. Jovia alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa amejifunga sweta kiunoni, akiishika kwa mikono miwili.

Sketi ilikuwa imefumuka kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Alikuwa ameitwa mbele kuandika ubaoni, akainama kuokota chaki, na darasa zima likamcheka.

"Mutu gani ameshona hii?" alifoka Mama Jovia, ambaye alikuwa amekulia karibu na mpaka wa Kongo. "Mutu gani? Sketi ni moja kwa mwaka muzima! Anachezea mutoto yangu?"

Kiden aliipokea sketi, akaigeuza. Hakuhitaji kuitazama mara mbili. Fundi huujua mshono wake kama anavyoujua mwandiko wake. Alitaka kusema ni wake, lakini badala yake aliikunja sketi.

"Nitaishona, mama," alisema.

"Mimi sirudi shuleni," Jovia alisema. "Hata mkiishona, sirudi."

Kesho yake Mama Jovia alikwenda kwa Severino, na njiani akakutana na wenzake wenye sketi kama ile. Kiden aliwafuata nyuma. Mwalimu mkuu, Madam Candia, alikuwa ameshafika, maana sketi tatu zilikuwa zimepasuka katika shule yake siku moja.

Severino aliinua mikono. "Mama zangu, si mimi! Ni huyu wa Ombaci. Nilimwonea huruma, nikampa jaribio. Angalieni alivyonilipa!"

Alikuwa akimwonyesha Juliet. Juliet aliruka kutoka kwenye cherehani kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Si mimi! Zangu iko pale, hazijauzwa! Geuzeni muangalie!"

Hakuna aliyegeuza. Mama mmoja alimkamata mkono, akasema apelekwe kwa mwenyekiti, mji wote umjue, asishone tena hata kiraka. Juliet alilia na kuapa, nao wakazidi kumzomea.

Kiden alikuwa amesimama karibu na mlango. Angeweza kuondoka. Hakuna mwingine aliyejua kuwa ndiye, na Severino hangemtaja, kwa kuwa kumtaja kungefungua mambo mengine. Akisema, jina lake la ufundi lingekufa katika mji wa Arua kabla halijazaliwa, na basi la Koboko lingemngoja. Lakini alipomtazama Juliet, hasira yote aliyokuwa nayo kwa Severino ilimgeukia yeye mwenyewe.

"Mwachilieni," alisema. "Ni mimi."

Mama aliyemkamata Juliet akauachia mkono.

"Nilizishona mimi, kwa bandi, kwa makusudi. Nilitaka kumkomoa Fundi."

Mama Jovia alimkodolea macho. "Wewe, Kiden? Wewe umekula kwangu, umelala kwangu. Wewe ndiye umevua mutoto yangu nguo mbele ya watu?"

Matusi yalifuata, na Kiden aliyapokea, machozi yakimtiririka. Yalipopungua akasema, "Kosa langu ni langu, mama. Sitamsingizia mtu. Lakini naomba Fundi naye aulizwe jambo moja. Kabla ya hizo nilishona kumi na mbili nzuri, akaniambia nimeshindwa, akaziuza. Juliet naye anashona kumi na mbili. Kabla yetu alikuwa nani?"

"Mtoto wangu Jimmy alishona jaribio hapa kabla ya Krismasi," sauti ilitoka nyuma. "Mashati. Mpaka leo tunangoja simu."

"Na mdogo wangu," mwingine akadakia. "Kaptura!"

Madam Candia aliwanyamazisha kwa mkono. "Fundi Severino, tangu mwaka jana umeajiri nani?"

Severino alianza kukunja futi yake. "Madam, vijana wa siku hizi... wote walishindwa."

"Wote walishindwa, na nguo zao zote zimeuzwa, tena na beji ya shule yangu. Huu si wizi? Sikia basi. Mpaka kila kijana aliyeshona hapa alipwe, hakuna mzazi wa shule yangu atakayenunua kwako hata kifungo. Na atakayekushonea tena umwajiri mbele ya mwenyekiti, kwa maandishi."

Severino alitazama vyerehani vyake vinne, akatazama umati mlangoni. Maneno yake matamu yalikuwa yamekwisha. Akakubali, na jioni ile ile aliandika mkataba wa Juliet mbele ya mwenyekiti wa LC.

"Na wewe," Madam Candia alimgeukia Kiden, "usijifiche nyuma ya kosa la Fundi. Sketi zilikuwa kumi na mbili. Zitafute."

Kiden akazunguka tena, lakini safari hii alibeba sindano na uzi. Alianza na ya Jovia. Aliifumua yote, akaishona upya, kisha akaenda naye mpaka darasani, akawaambia waliomcheka kwamba kosa lilikuwa lake yeye, si la Jovia. Jovia alikaa mahali pake, akafungua daftari.

Zilizobaki alizitafuta nyumba kwa nyumba, Mvara yote, hadi Ombaci. Kila mlango ilimbidi aanze na maneno yale yale: "Mimi ndiye niliyeshona vibaya." Mmoja alimfungia mlango usoni, naye Kiden akangoja nje mpaka ukafunguliwa tena. Mwingine alimtukana kwanza, halafu akamletea chai.

Ya kumi na mbili ilikuwa mbali, kwenye mashamba ya Ayivu. Aliomba baiskeli, akafika kwa bibi mmoja aliyeitwa Loku, aliyekuwa akimenya muhogo. Sketi ya mjukuu wake haikuwa imepasuka. Ilikuwa safi kabisa, imekunjwa. Kiden angeweza kugeuza baiskeli na kurudi. Badala yake alikaa chini, akaanza kufumua.

"Wewe mtoto, mbona unaharibu nguo nzima?" bibi alishangaa.

"Si nzima, bibi. Inaonekana nzima tu." Akamweleza yote, toka mwanzo.

Bibi Loku aliendelea kumenya mpaka sketi ikaisha. Aliigeuza, akauvuta mshono kwa nguvu zake zote. Haukutoka.

"Wamama wa kwaya yetu wanataka nguo za Pasaka," alisema. "Watu ishirini. Jumapili uje na futi. Nitawaambia iko fundi mmoja anayekuja mwenyewe kusema nguo yake ni mbovu."

Jioni hiyo shangazi Emilia alimpigia kaka yake simu Koboko, akamwambia binti hatarudi kulima mwaka huu. Kisha akakaa kwenye mkeka karibu na Kiden.

"Shangazi, sitaki kukudanganya," Kiden alisema. "Mimi bado nina hasira na yule mtu."

"Kaa nayo. Nani amekuambia uitupe? Mtu akikudhulumu nawe ukanyamaza, kesho atamdhulumu mwingine. Lakini hasira ni ya mdomoni, mwanangu. Mwendee mwenyewe, mwambie mbele ya watu, mchana kweupe, kama ulivyofanya siku ile. Usiishone kwenye kazi ya mikono yako. Severino havai sketi. Anayevaa ni Jovia."