Siti Tatu za Mama Vaileth

Bomba la mtaa wao kule Chang'ombe likitoa maji, Gaudens hapangi ndoo moja. Anapanga tatu kwenye foleni, kila moja mbali na mwenzake, halafu anaondoka kwenda kazini.

"Moja ikirukwa, nyingine itafika," anasemaga. Majirani wanamsema. Yeye anacheka tu.

Gaudens ni fundi mageti. Mkewe anaitwa Benedicta, lakini mtaa mzima unamwita Mama Vaileth, kwa jina la binti yao. Vaileth kaolewa Bukoba, na sasa ana mimba ya kwanza. Alimwomba mama yake kitu kimoja tu: "Mama, siku ya kujifungua uwepo."

Wiki hiyo daktari alimwambia Vaileth kwamba mtoto yuko karibu. Kwa basi ni safari ndefu, na mgongo wa Benedicta ulikuwa unamsumbua. Ndege ya Ijumaa ndiyo ilifaa.

"Tiketi je?" Benedicta aliuliza huku akimenya ndizi.

"Tulia, mke wangu. Nimekushikia siti tatu."

"Tatu? Kwani mie nina makalio mangapi?"

Gaudens akaeleza kwa fahari. Aliweka nafasi ya kwanza kwa simu, kwa jina la mkewe, akachagua kulipa baadaye. Saa chache baadaye alipotaka kuweka ya pili, mfumo ukakataa: jina hilo limeshawekwa. Basi ya pili akaandika Mama Vaileth. Ya tatu akaandika Mama Vai.

"Hapo hawanipati," alisema.

Kesho yake mteja akamlipa hela ya geti. Gaudens akafungua simu akate tiketi. Ile nafasi ya Benedicta Gozbert, jina la kitambulisho, ilikuwa imefutwa. Akajaribu kuweka upya. Jibu likaja: ndege imejaa.

"Kwa hiyo mwanangu atajifungua bila mie?" Benedicta aliuliza taratibu. Gaudens aliona bora angefokewa.

Wakaenda kwa Zohra, jirani yao, ambaye ana ofisi ya kukata tiketi za ndege.

"Karibuni! Mama Vaileth, mjukuu vipi?"

"Mjukuu anakuja. Bibi ndo kakwama."

"Hawa watu wa ndege wamenichezea, jirani," Gaudens akasema, akampa simu.

Zohra akasoma. Akaanza kucheka mpaka akashika meza.

"Shemeji! Ndege umeijaza mwenyewe!"

"Mie?"

"Ndege yenyewe ndogo. Ukiweka nafasi, mfumo unaitoa siti sokoni, unakupa muda wa kulipa. Muda ukiisha, siti inarudi, anauziwa mwingine. Ya Benedicta ilitangulia, imeisha muda. Ila Mama Vaileth na Mama Vai bado wameshika siti mbili."

"Si nilipie ya Mama Vaileth? Mtaa wote unamjua hivyo."

"Mfumo haukai mtaani, shemeji. Uwanjani wanalinganisha tiketi na kitambulisho."

"Basi badilisha jina."

"Herufi ikikosewa tunaomba irekebishwe. Mtu kugeuzwa mtu mwingine, hapana."

Benedicta akauliza, "Kwani huo mfumo una kazi gani hasa?"

"Shirika zima linautegemea. Unawaonyesha abiria ni wangapi, siti zipi wazi, wajiandae na mizigo kiasi gani. Wakiona watu wengi, wanaweza kuleta ndege kubwa zaidi. Sasa mkiandikisha abiria hewa, wanapanga mambo ya hewa. Mtu mwenye shida anaambiwa imejaa."

Gaudens akajikuna kichwa. "Abiria hewa... Sasa nifanyeje?"

"Tuwafute hao wawili. Siti zikirudi tunachukua moja, kwa jina la kitambulisho, na unalipa hapo hapo. Ila mjue, mwingine yeyote anaweza kuziwahi."

Benedicta akatoa kitambulisho. Zohra akafuta. Wote watatu wakakodolea macho kompyuta. Siti zikarudi. Zohra akaanza kuandika jina, herufi kwa herufi. Kabla hajamaliza, moja ikachukuliwa.

"Lipa, shemeji! Lipa!"

Gaudens akakosea namba ya siri. Akarudia, tarakimu moja moja. Ujumbe ukaingia: tiketi ya Benedicta Gozbert imekatwa.

Benedicta akashusha pumzi.

Ijumaa alisafiri. Jioni akampigia mumewe kutoka Bukoba.

"Kwenye ndege nimekaa na mwalimu mmoja, Nusaiba. Anakwenda kumuuguza baba yake. Kila akijaribu, anaambiwa imejaa. Mara ghafla siti ikatokea."

"Hukumwambia ni mie?" Gaudens akauliza haraka.

"Nimwambie? Mie nilitaka nifike salama!"

Jumapili Gaudens hakukaa nyumbani. Alikuwa karakana na wenzake, wakimalizia geti la mteja, simu ilipoita.

"Zimeni mashine!" alipiga kelele.

Mafundi wakazima. Kwenye simu kikasikika kilio cha kichanga, na karibu yake sauti ya Vaileth, imechoka lakini inacheka:

"Mama, mlete nimwone tena."