Adui wa Sinema

Jumamosi alasiri, Aprili 1983, maduka mengi ya Kariakoo yalikuwa yamefungua ubao mmoja tu wa mlango. Redio ilitangaza msako wa watu walioficha bidhaa.

Uani kwa Ubeid, binti yake Mauza, wa darasa la sita, alikuwa akionyesha sinema. Ilikuwa boksi lenye dirisha. Ndani yake, utepe mrefu wa karatasi zilizounganishwa kwa gundi ya uji ulizungushwa kwenye vijiti viwili. Mauza alipozungusha kijiti, picha zilipita dirishani, na watoto wakawatambua watu wa mtaa wao.

"Sinema gani haina adui?" alisema Kitwana, mtoto wa balozi wa nyumba kumi. "Stering anapigana na nani, na upepo?"

Watoto walicheka. Mauza alichukua penseli, akamchora jirani yao Anaeli, mwenye duka, na kofia yake ya sufu, akipandisha magunia ya sukari darini. Safari hii walipiga makofi.

Jumatatu asubuhi mgambo walifika na polisi. Walikwenda moja kwa moja darini kwa Anaeli, wakang'oa mbao. Hawakukuta gunia hata moja. Walimchukua hivyo hivyo.

Mauza aliyaona yote kutoka dirishani. Alimweleza baba yake kuhusu ile picha ya magunia.

Ubeid alifunga mlango kwanza. "Nani mwingine anajua?"

"Kitwana. Nadhani alimwambia baba yake."

"Tukienda kusema, watataka kujua kwetu kuna nini. Na sisi tuna duka. Unaelewa?"

"Naelewa, baba. Lakini magunia nimeyatunga mimi."

 Ubeid alivaa kofia. "Beba hilo boksi."

Balozi Mbaruku alikuwa barazani.

"Shikamoo, mzee," alisema Mauza.

"Marahaba. Hayo magunia aliyoniambia Kitwana, uliyaona lini?"

"Sikuyaona. Walitaka adui, nikamchora Mzee Anaeli." Alizungusha kijiti mpaka picha ile ikatokea.

Mbaruku aliitazama. "Nami sikuuliza," alisema. "Niliambiwa na mtoto, nikapeleka habari polisi." Akamgeukia Ubeid. "Umekuja mwenyewe, siku kama hizi?"

"Nimekuja."

Mbaruku alichukua boksi. Watatu hao wakaenda kituoni.

Anaeli aliachiwa Jumatano. Alirudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, mdomo umevimba. Mauza alimsubiri mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe. Nilikusingizia."

"Marahaba. Nimekwisha kusamehe, maana ulikwenda kusema kweli." Alishika mwimo wa mlango. "Ila sikiliza, mwanangu. Usimpe mtu kosa asilolitenda, hata kwa mchezo. Wapo wanaolitafuta, nao hawataliita mchezo. Kule ndani nimewaacha watu wengi. Sijui wao walichorwa na nani."

Akaingia, akamwomba mkewe maji ya kuoga.