Brashi ya Nywele za Jeruto

Siku ile, mwaka wa hamsini na saba, nilikuwa na kazi ndogo tu: kupiga picha manyoya ya ndege kabla jua halijatua. Bwana mmoja mzungu mwenye shamba kule Bahati alikuwa anaandika kitabu cha ndege, na Mzee Alamin, tajiri wangu wa studio pale Nakuru, alinikabidhi lenzi yake ndefu.

"Kiptanui, sitaki ndege, nataka manyoya," aliniambia. "Kila unyoya uonekane. Na hiyo lenzi ikiingia vumbi, usirudi hapa."

Vumbi la Nakuru halina adabu. Brashi yangu ya kupangusia ilikuwa imekwisha, na mpya hazikuwepo madukani. Lakini asubuhi hiyo mama yangu alikuwa amemnyoa binti yangu Jeruto, wa miezi minane, kwa mara ya kwanza. Alinipa zile nywele ndani ya jani.

"Hii enda uzike karibu na mlango," alisema. "Usiache ndege ichukue ipeleke kwa kiota. Mtoto atafuata nywele yake."

Nikacheka moyoni. Mimi mtu wa misheni nimwogope ndege? Nywele zile zilikuwa laini ajabu. Nikazifunga kwa uzi kwenye kijiti, brashi ikapatikana. Sikio la kufa halisikii dawa.

Pale mto Njoro unapoingia ziwani nilimkuta fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Kiota chake kilikuwa kwenye panda ya mgunga, kikubwa kama ghala dogo, kimeshonwa kwa vijiti, mifupa na matambara ya watu. Nikalala kifudifudi. Nikapangusa lenzi, nikaweka brashi juu ya jiwe, nikatazama.

Manyoya yakajaa kwenye kioo. Nyuzi zake ndogo... unyoya juu ya unyoya... Nikapiga. Nikapiga tena.

Kisha kioo kikawa kitupu.

Nikasikia mabawa sikioni. Nilipogeuka, brashi haikuwepo juu ya jiwe. Nikarudisha jicho kwenye lenzi. Ndege alikuwa ametua kwenye mlango wa kiota, brashi mdomoni, kichwa upande, ananitazama kwa jicho moja, na mimi naona unywele mmoja mmoja wa mwanangu. Nikabonyeza kwa mazoea tu. Ndege akaingia ndani.

"Jeruto," nikaita. Hata sijui kwa nini.

Nikakimbia hadi mtini, nikapanda juu ya sanduku la kamera, nikaingiza mkono hadi begani. Uvundo wa samaki ulinipanda puani. Na chini yake, harufu nyingine... ya maziwa. Nikapapasa. Tope. Tambara. Mfupa.

Kidole changu kikashikwa.

Haukuwa mdomo wa ndege. Vilikuwa vidole. Vitano, vidogo, vyenye joto, vinakaza jinsi Jeruto anavyokaza akitaka kubebwa.

Ningevuta taratibu. Ningemtoa, yeyote yule. Lakini niliogopa, jamani, niliogopa. Nikajinasua kwa kishindo, nikakimbia. Nyuma yangu kilisikika kilio kifupi... kisha kimya.

Nyumbani nilimkuta mke wangu Jepkoech na mtoto mapajani. Mzima kabisa.

"Alikuwa analia sana, mkono juu, ni kama ameshika mtu," Jepkoech akasema. "Kitambo kidogo tu ndiyo ameachilia. Akanyamaza mara moja."

Mama akanitazama. "Nywele ulizika?"

"Nilizika."

Kesho yake, chini ya taa nyekundu ya chumba cha kusafishia picha, manyoya yalitoka vizuri mno. Mzee Alamin aliiinamia ile picha ya mwisho, ya mlango wa kiota, kwa muda mrefu.

"Wewe una mtoto?" akanong'ona.

Nikaitikia. Akaichoma picha ile pamoja na negativu yake, na hakuniambia alichokiona.

Siku ya tatu nilikibomoa kiota kwa panga. Hakikuwa na kitu, hata ile brashi.

Jeruto anakula, anakua, wala haugui. Kila jioni nampa kidole changu. Hakishiki. Anainamisha kichwa upande, anakitazama kwa jicho moja.